Jimmie Lunceford: alikuwa mpunga fimbo tu? Na ni kweli alilishwa sumu?

"Mtaalamu shikamoo. Mimi ni Mtanzania naishi Minneapolis, nimejiunga na darasa la kucheza swing, na kila mwisho wa darasa mwalimu anaweka wimbo uleule, 'Tain't What You Do, tunacheza ile Shim Sham. Nikauliza ni wa nani nikaambiwa Jimmie Lunceford, kiongozi wa bendi ya jazz wa zamani, nikashangaa maana nilidhani ni wa wale akina dada wa Uingereza wa miaka ya 80. Nimeanza kumfuatilia nakuta mambo yanapingana. Wengine wanasema bendi yake ilikuwa kali kuliko za wale vigogo wa jazz, Duke Ellington na Count Basie, wengine wanasema yeye wala hakuwa mwanamuziki, alikuwa anasimama mbele na fimbo wenzie wanatoka jasho halafu anawalipa senti, ndo maana walimkimbia. Na mmoja pale darasani kaniambia alilishwa sumu na mzungu. Ukweli ni upi? Kama alikuwa mkali hivyo mbona hakuna anayemjua? Halafu nimenunua santuri yake nzito ya Decca, lebo ya bluu, Organ Grinder's Swing, kwa dola 3 kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya nyumbani. Ina thamani au nimepigwa? Naweza kuicheza kwenye mashine yangu ya kawaida?"

Marahaba ndugu yangu. Umeuliza mambo mengi kwa mkupuo lakini nikiyatazama naona mengi yana shina moja, unataka kujua yule mtu aliyesimama mbele ya bendi alikuwa anafanya nini hasa, na kama ilikuwa cha maana mbona jina limefifia. Ngoja kwanza niutoe wimbo njiani maana huo ni mwepesi. Bendi ya Lunceford iliurekodi New York tarehe 3 Januari 1939 kwa lebo ya Vocalion, watunzi ni Sy Oliver na Trummy Young, na sauti unayoisikia ikiimba ni ya huyohuyo Trummy Young ambaye kazi yake hasa ilikuwa kupuliza tromboni. Ella Fitzgerald naye aliuimba mwaka huohuo na bendi ya Chick Webb. Akina dada unaowasema ni Bananarama, waliurudia 1982 pamoja na kundi la Fun Boy Three, na wewe kama Mswahili hii utaipenda, singo ya kwanza kabisa ya hao Bananarama, Aie a Mwana ya 1981, waliimba kwa Kiswahili, Kiswahili cha kukariri lakini Kiswahili. Kwa hiyo hukuwa mbali sana na nyumbani.

Sasa hili la kwamba hakuwa mwanamuziki. Si kweli, ila naelewa limetoka wapi, kwa sababu ukitazama picha zake nyingi utamkuta kasimama na suti nyeupe safi na fimbo ndefu mkononi, hana chombo chochote. Lunceford alizaliwa 1902 Fulton, Mississippi, akakulia Denver, na huko Denver mwalimu wake wa muziki shuleni alikuwa Wilberforce Whiteman, babaake Paul Whiteman yule aliyepewa cheo cha mfalme wa jazz miaka ya 20. Yaani msingi wake ni wa darasani kabisa, kusoma nota na kuhesabu mapigo. Saksafoni aliimudu, tromboni, gitaa, fluti, na ukitaka ushahidi tafuta rekodi ya Liza umsikie anapuliza fluti. Akiwa bado kijana Denver alipuliza saksafoni ya alto kwenye bendi ya George Morrison, kisha akaenda chuo cha Fisk pale Nashville akamaliza 1926. Huyo si mtu aliyeokotwa barabarani akapewa fimbo.

Baada ya chuo akapata kazi ya ualimu Manassas High School mjini Memphis, na hapa ndo pa kupatilia maanani. Aliajiriwa kufundisha michezo, muziki akauongeza mwenyewe, 1927 akawakusanya wanafunzi akatengeneza bendi iliyoitwa Chickasaw Syncopators. Moses Allen wa besi na Jimmy Crawford wa drums walitoka hapohapo shuleni. Wengine waliomfuata walikuwa vijana wa Fisk, Willie Smith wa alto na Edwin Wilcox wa piano. Mwaka huohuo wa 1927 tayari wakaingia rekodini kwa Columbia, 1929 wakaamua kuwa bendi ya kazi, na 1930 wakarekodi kwa Victor pale Memphis, kuna moja inaitwa In Dat Mornin' ambamo Moses Allen anahubiri kama mchungaji kabisa huku bendi inamwitikia, ukiisikiliza utacheka.

Kwa hiyo ukiuliza alikuwa anafanya nini pale mbele, alikuwa kocha. Kocha haingii uwanjani kupiga penalti na hakuna anayesema hajui mpira. Na huyu alikuwa kocha kweli, kwa ajira, akahamishia nidhamu ya uwanjani kwenye bendi, mazoezi kwa saa, kufika kwa wakati, mavazi yanafanana, kila mtu anajua anasimama lini anakaa lini. Bendi nyingi za wakati ule ziliundwa kwa kuvizia mastaa, unamnyakua mpuliza tarumbeta wa fulani, unamchukua mpiga drums wa fulani. Ya kwake ilikua pamoja tangu ujana, walilala njaa pamoja, miaka ya mwanzo ya 30 walihangaika sana huko Buffalo kabla ya New York kuwafungulia mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa Cotton Club, Harlem, mwaka 1934, wakichukua nafasi ya Cab Calloway. Ukumbi ule wasanii ni weusi wateja ni weupe, ndivyo ulivyoendeshwa, lakini ulikuwa na redio, na redio ndo iliyokuwa inatengeneza jina nchi nzima. Mwaka huohuo wakaingia Decca, kampuni mpya iliyokuja na ujanja wa kuuza santuri kwa senti 35 wakati wengine walikuwa wanauza senti 75. Kumbuka hiyo bei, nitairudia tukifika kwenye santuri yako.

Sasa twende kwenye mlio wenyewe maana hapa ndo utaelewa kwa nini mwalimu wako kila siku anaweka wimbo ule na si mwingine.

Swing nyingi unayoisikia, hasa ya Count Basie, besi inatembea mapigo yote manne, moja mbili tatu nne, haipumziki, inakusukuma mbele kama upepo wa nyuma. Lunceford mara nyingi alifanya mawili. Besi ya Moses Allen inagusa la kwanza na la tatu, la pili na la nne Crawford anayajibu juu huku, na katikati panabaki uwazi. Huo uwazi ndo mwili wako unauingia. Wewe mchezaji unaujua hata kama hujawahi kuambiwa jina lake, ni pale goti linaposhuka kidogo kabla ya hatua. Na kasi yao haikuwa ya kukimbizana, walipenda ile ya katikati, ya mtu anayetembea akijua anakokwenda, ambayo kuipiga ni ngumu kuliko ya haraka kwa sababu ya haraka inaficha makosa lakini ya katikati ukichelewa nukta moja kila mtu anakuona. Bendi ya watu kumi na kitu kuikalia kasi hiyo bila kupanda wala kushuka dakika tatu nzima, hapo ndo mazoezi ya mwalimu yanapoonekana.

Juu ya hapo kuna Sy Oliver. Huyu alikuja 1933, mpuliza tarumbeta, lakini kilichomfanya aandikwe ni upangaji wake wa muziki, ndiye aliyekuwa akiamua midomo ya bata, yaani saksafoni, iseme nini, tarumbeta zijibu nini, na wapi wote wanyamaze. Kunyamaza ndo ilikuwa silaha yake. Wapangaji wengi wakipewa bendi kubwa wanataka itumike yote muda wote, kelele juu ya kelele, Oliver anakupa clarineti na tromboni zilizozibwa midomo zikinong'ona, kisha kitu kidogo cha kuchekesha, kisha ndo anakufungulia bomba lote. Santuri uliyonunua ni mfano mzuri kuliko yote. Organ Grinder's Swing ya 1936 asili yake ni kawimbo ka kitoto tu, mtu mwingine angekapiga akakasahau, sikiliza alivyokagawa vipande, Crawford anagonga vile vibao vya mbao, Wilcox kahama piano kaenda kwenye selesta ile inayolia kama kengele ndogo, kila sekunde chache rangi inabadilika na bado goti linashuka palepale. Binafsi naiweka juu ya chochote alichorekodi Glenn Miller, na najua kuna watu watanirushia mawe.

Halafu midomo ya bata. Willie Smith alikuwa anawaongoza wenzie wa saksafoni kama kwaya, walifanya mazoezi peke yao, wanavuta pumzi mahali pamoja, wanatetemesha sauti kwa kipimo kimoja, ukifumba macho unadhani ni mtu mmoja mwenye mapafu manne. Wakati ule wanamuziki wa bendi nyingine walikuwa wanakwenda kuwasikiliza kujifunza hilo, na Stan Kenton baadaye alipoanza ya kwake alikuwa ametoka kwenye shule hiyohiyo ya kumsikiliza Lunceford. Na siyo kusikiliza tu, ilikuwa ni kutazama. Wapuliza tarumbeta walirusha tarumbeta hewani wakazidaka kwa pamoja, tromboni zinaelekezwa darini kwa mara moja, vizibo vinapepewa kulia kushoto, watatu wanaondoka kwenye viti wanakuja mbele kuimba kwa sauti za kwaya, wanabadilisha suti. Tarehe 18 Novemba 1940 pale Manhattan Center, New York, zilikusanywa bendi 28 usiku mmoja, kila moja na dakika zake 15, wakubwa wote walikuwepo, Basie, Goodman, Miller, na bendi ya Lunceford ndo pekee ambayo watu walikataa ishuke stejini muda ulipoisha. Hiyo ndo jibu langu kwa wanaosema ilikuwa kali kuliko zote. Kwa akili na utunzi simwondoi Ellington, kwa mapigo ya kukimbia simwondoi Basie. Kwa ukumbi uliojaa watu waliokuja kucheza na kutazama, siku yake ikiwa yake, sidhani kama kuna aliyemfikia.

Sasa hela. Hapa waliokwambia hawajadanganya, ila wamekata story katikati.

Bendi kubwa inakula pesa vibaya. Ukumbi unalipa kiasi fulani kwa usiku, meneja anakata chake, kwa Lunceford ilikuwa Harold Oxley, basi linataka mafuta, suti zinataka kufuliwa, halafu ndo unagawa mishahara ya watu kumi na sita au zaidi. Bendi za weupe zilikuwa na kitu kimoja kilichozisaidia sana, zilikaa hotelini miezi, mahali pamoja, na redio inarusha kila usiku, na kampuni za sigara zinalipia vipindi, Goodman alikuwa na Camel, Miller akapata Chesterfield. Bendi nyeusi hazikupewa hayo isipokuwa kwa tone. Kwa hiyo Lunceford ilimbidi aishi barabarani, leo mji huu kesho mji ule, maili mamia kwa basi, na kusini mwa Marekani wakati ule kupata pa kulala na pa kula kwa watu weusi ilikuwa shughuli nyingine kabisa. Walijaza kumbi kweli, walikwenda mpaka Sweden 1937, lakini ile hela ya kukaa mahali pamoja ukatulia hawakuiona.

Hayo ni ya nje. Ya ndani ni kwamba vijana waliona bendi inajaza watu kila usiku na wao mshahara hausogei, na kiongozi wao alikuwa anapenda kurusha ndege na alinunua ya kwake. We jiweke kwenye kiti cha mpuliza tromboni uliyelala kwenye basi juzi na jana. Wa kwanza kuumia moyo alikuwa Oliver, 1939 alikuwa ameshachoka anataka kurudi shule, Tommy Dorsey, kiongozi wa bendi ya weupe, akamwendea akamwahidi dola 5,000 kwa mwaka juu ya chochote alichokuwa anapewa na Lunceford, akaenda. Mwaka 1942 ikawa kutimka kwenyewe, waliomba nyongeza haikuja, wakaanza kuondoka, Willie Smith mwenyewe akaenda, na vijana wapya kama Snooky Young na Gerald Wilson, na mwaka uliofuata Trummy Young. Naona tatizo halikuwa ubahili peke yake. Aliowajenga akiwa mwalimu aliendelea kuwaona wanafunzi hata walipokuwa wanaume wazima wenye familia, na nidhamu ileile iliyowafanya wapumue pamoja ndo iliyofanya mazungumzo ya mshahara yawe magumu, maana mwanafunzi haulizi mwalimu hesabu za shule.

Ila usimbebeshe yote. Mwaka 1942 huohuo vita imeanza, vijana wanaitwa jeshini, tairi na petroli vinatolewa kwa mgao, na bendi inayoishi kwa basi bila tairi imekwisha. Tarehe 1 Agosti chama cha wanamuziki wa Marekani kikagoma kurekodi, Decca wakaelewana nao tu mwaka mmoja baadaye. Na 1944 serikali ikaweka kodi nzito kwenye kumbi zenye dansi. Ikifika Desemba 1946 hata Goodman, Dorsey, Harry James na Woody Herman wamevunja bendi zao kwa mpigo. Lunceford yeye alikuwa bado yuko barabarani, na vijana wapya, bendi si ileile lakini inapiga.

Ndipo tunafika kwenye sumu. Tarehe 12 Julai 1947 bendi ilikuwa Seaside, mji mdogo wa pwani jimbo la Oregon, usiku ule walikuwa na dansi. Mchana Lunceford alikwenda kwenye duka la santuri kusaini majina kwa mashabiki, akaanguka palepale, akafariki. Alikuwa na miaka 45. Daktari aliandika kuziba kwa mshipa wa moyo. Uvumi unaosikia unasema mwenye mgahawa mmoja pale mjini hakutaka kuwahudumia weusi, akabanwa, akawahudumia, ila akaweka kitu kwenye chakula, na kinachoupa nguvu ni kwamba wengine kwenye bendi waliokula pale nao waliugua.

Nakwambia nilivyoupima mimi. Ubaguzi wa migahawa ile haukuwa hadithi, kwa hiyo mtu mweusi wa 1947 kushuku chakula alichopewa kwa chuki ana haki kabisa, sitamcheka. Lakini chakula kilichoharibika kinafanya watu waugue kundi zima bila mtu yeyote kukusudia, na mwanaume aliyekaa barabarani karibu miaka ishirini kwa uchovu ule moyo kumzimika si jambo la ajabu, hata kama ana miaka 45. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Kwa hiyo ukiulizwa darasani sema hivi, karatasi inasema moyo, wenzie walikuwa na mashaka na mashaka yao yalikuwa na sababu, na sumu haijawahi kuthibitishwa. Anayekwambia kwa uhakika kwamba aliuawa anakwambia zaidi ya anachojua, na anayekwambia ni upuuzi mtupu hajui Marekani ya mwaka ule ilikuwaje.

Na kifo hicho ndo nusu ya jibu la kwa nini hajulikani. Ellington alifika 1974, Basie 1984, walipata santuri ndefu, televisheni, tamasha, vitabu, wakawa wazee wa heshima wanaohojiwa. Lunceford alikufa kabla hata hizo santuri ndefu, LP, hazijaingia sokoni, Wilcox na Joe Thomas wa saksafoni ya tenor wakaishika bendi mpaka kama 1949 ikazimika. Nusu nyingine ni kwamba bendi haikuwa na staa mmoja wa kumbandika ukutani. Waandishi wa jazz walipoanza kuandika historia waliandika kwa majina ya wapiga solo, huyu kapiga solo ile, yule kavumbua hili, na huwezi kuandika hivyo kuhusu saksafoni zinazopumua pamoja. Mwimbaji wao hata naye, Dan Grissom, Mungu amrehemu, zile nyimbo zake za mapenzi mimi naziruka. Filamu nazo ni chache, kuna fupi moja ya 1936 na wanaonekana kwenye Blues in the Night ya 1941, na kwa bendi ambayo nusu ya utamu wake ni wa macho hiyo ni hasara kubwa. Halafu Oliver alipokwenda kwa Dorsey alikwenda na mlio wake, kwa hiyo mamilioni ya Wamarekani walioipenda Yes Indeed! au Opus One walikuwa wanacheza kitu cha ukoo wa Lunceford chini ya jina la mtu mwingine.

Ukitaka kusikiliza usianze na mkusanyiko wa nyimbo mia, utachoka na utakutana na Grissom mapema. Anza na For Dancers Only ya 1937, jina lenyewe linakuita, kisha Margie ya 1938 umsikie Trummy Young akiimba na kupuliza, ukimaliza nenda White Heat ya 1934 ujue kwamba wakitaka kukimbia walikuwa wanaweza. Hittin' the Bottle ya 1935 isikilize kwa ajili ya gitaa la Eddie Durham, mara nyingi inatajwa miongoni mwa rekodi za kwanza kabisa za jazz zenye gitaa lililoongezwa sauti. Kimoja tu nikutahadharishe, rekodi hizi zimesafishwa na watu tofauti, wengine wamekwangua mikwaruzo ya santuri mpaka wakakwangua na matoazi ya Crawford. Ukisikia drums ziko mbali kama ziko chumba cha pili, tafuta toleo jingine la wimbo huohuo, usidhani ndivyo walivyopiga.

Na kuna kitu hakisomwi wala hakisikilizwi kwenye simu. Yale mapigo mawili na ule uwazi wa katikati inabidi usimame mbele ya bendi hai ukacheze. Minneapolis na St. Paul vyuo vina bendi kubwa za wanafunzi na watu wa swing huwa wanaleta bendi kwenye dansi zao, muulize mwalimu wako, mwambie unataka bendi inayopiga mipango ya Oliver. Kama na wewe una chombo, tafuta mwalimu akukalishe kwenye mstari na wengine, kupumua pamoja hakufundishwi na video. Siku ukipita Memphis, Manassas bado ni shule, Beale Street kuna nota ya shaba yenye jina lake chini njiani, na kaburi liko Elmwood.

Santuri yako sasa. Hujapigwa, dola 3 ni bei ya haki, ila haitakulipia kodi ya nyumba. Decca waliuza kwa senti 35 na waliuza nyingi mno, ndo maana bado zinaokotwa, na wimbo ule ulipendwa kwa hiyo si adimu. Adimu ni zile za mwanzo, za Columbia ya 1927 zilizoandikwa Chickasaw Syncopators, hizo ukiziona usiulize mara mbili. Usipeleke ya kwako kwa mtu wa kukadiria thamani, utalipa zaidi ya inachostahili.

Ila usiiweke kwenye mashine yako kama ilivyo, tafadhali. Inazunguka mara 78 kwa dakika, mashine nyingi za siku hizi zinaishia 45. Hata kama ya kwako ina 78, sindano ya LP ni nyembamba sana, mfereji wa santuri hizi ni mpana kama mara tatu, sindano itadondoka chini kabisa kwenye vumbi, utasikia kelele tupu na utaharibu sindano. Unatakiwa ununue sindano ya 78, ya mili 3 hivi (mili ni sehemu moja ya elfu ya inchi, si milimita), waulize wauzaji kama ipo inayoingia kwenye kichwa cha mashine yako. Kuisafisha tumia maji kidogo na sabuni laini, lebo isilowe, ukaushe mara moja. Spiriti usiguse kabisa, inayeyusha gundi ya lakki ambayo ndo santuri yenyewe, watu wameua nyingi hivyo wakifikiri wanasafisha. Isimamishe wima, usiilaze chini ya vitu vizito, ikidondoka inapasuka kama sahani. Na kabla hujaicheza ishike kwenye mwanga uitazame ukingoni, ukiona ufa hata mwembamba kama unywele usiipige kabisa, mpelekee fundi au mkusanyaji mwenye mashine ya 78 akutolee nakala kwa mpigo mmoja, kisha usikilize nakala.